Jiwe la Mtandao: Siku Zangu Katika Milima ya Irangi

Jumatatu, 13 Januari 2025

Shule zinafunguliwa leo. Stendi ya Nanenane, Dodoma, imejaa matranka, magodoro yaliyokunjwa na akina mama wanaohesabu ndoo mara ya tatu. Nimepata kiti cha dirishani kwenye Coaster ya Kondoa, mkoba nimeupakata. Ndani yake mna redio mbili za kupimia, GPS ya mkononi, futi kamba ya mita 50, daftari, na kioo cha kunyolea nilichokinunua jana soko la Majengo kwa kazi ya Jumamosi.

Naenda kwa mwaliko. Tarehe 27 Novemba Tanzania Bara ilichagua wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji, na kijiji kimoja cha milimani huko Kondoa kikampata mwalimu mstaafu. Kabla ya Krismasi alinipigia simu. "Binti yangu, tunaandaa mpango wa kijiji wa mwaka ujao wa fedha. Vijana wanataka intaneti iwemo. Sisi hatujui inaandikwaje. Njoo utuoneshe."

Nina miaka kumi na mitano katika kazi ya kufunga mitambo ya mawasiliano, na hii ni mara ya kwanza serikali ya kijiji kuniita yenyewe. Mazoea ni kwamba mafundi tunafika na ramani iliyochorwa mjini, tunamtafuta mtendaji atugongee mhuri, tunasimika, tunaondoka. Ndiyo maana nilikubali kabla hajamaliza kueleza.

Jina la kijiji sitaliandika. Maombi yao bado yana meza kadhaa za kupita, na sipendi maandishi yangu yawatangulie.

Barabara ni lami tupu, Mayamaya, Haneti, Chemba. Kilomita 251 za Dodoma hadi Babati zilikamilika mwaka 2018. Kabla ya hapo mvua ya Januari ilitosha kuwalaza abiria njiani siku mbili. Mibuyu imevaa majani, alizeti iko magotini. Nilikuwa naangalia kona ya simu yangu kama dereva anavyoangalia mafuta: 4G kwenye kila kituo cha barabarani, kisha inashuka, kisha inapanda. Barabarani kuna mtandao kwa sababu ndipo wateja wanapopita. Ukitaka kujua nani hana, iache lami.

Nimelala Kondoa mjini.

Jumanne, 14 Januari

Bodaboda kutoka mjini ilichukua saa moja na nusu, nusu saa nzima tukiwa tumesimama ukingoni mwa korongo tukisubiri maji yapungue. Makorongo ya Kondoa ni mekundu na mapana, wageni huyadhania mito.

Halmashauri ya kijiji ilikuwa imekaa tayari kwenye ofisi yenye vyumba viwili. Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, ya mwaka 1982 inataka wajumbe wasipungue 15 wala wasizidi 25. Hawa wametimia, na wanawake wako mstari wa mbele, si kwenye benchi la nyuma. Baada ya salamu na dua, mtendaji akaleta faili la mpango.

Nililisoma ukurasa kwa ukurasa, kwa sauti, maana ndivyo mwenyekiti alivyotaka. Kisima kirefu. Kivuko cha korongo. Matundu ya vyoo vya shule. Nyumba ya mganga. Neno "mawasiliano" nililikuta mahali pamoja tu, ndani ya sentensi hii: "kuboresha miundombinu ya mawasiliano kwa kuchonga barabara ya kitongoji." Barabara ndiyo iliyokuwa mawasiliano. Simu haikuwemo, intaneti haikuwemo.

Wala si uzembe wa mtendaji. Ngazi za kupanga wanazijua vizuri kuliko mimi. Vitongoji vinataja fursa na vikwazo vyao, kamati ya fedha, uchumi na mipango inachambua, halmashauri ya kijiji inapendekeza, mkutano mkuu unapitisha, kisha inakwenda kamati ya maendeleo ya kata na kupanda hadi wilayani. Ila mnara wa simu haujawahi kupita kwenye ngazi hizo hata siku moja. Mnara huja, kama mvua. Kwa hiyo hakuna aliyefikiri kuuandika.

Mjumbe mmoja, mama mwenye kitenge cha njano, aliuliza swali ambalo naamini wengi walikuwa nalo: "Mbona tuliambiwa minara ya serikali inakuja?"

Nilimweleza ninachokijua. Upo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili kampuni zipewe ruzuku zipeleke huduma kusiko na faida ya biashara. Tarehe 13 Mei 2023, Dodoma, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 zenye vijiji 1,407, ruzuku yake ikiwa shilingi bilioni 126. Ni kazi kubwa, na sitasema vinginevyo, kwa kuwa nimeona vijiji vilivyobadilika kwa sababu yake. Lakini nchi ina vijiji zaidi ya 12,000. Halafu liko jambo la pili, ambalo kwa hapa ndilo kubwa zaidi. Upande wa pili wa safu hii ya milima kuna mnara unaofanya kazi, nao umo ndani ya kata hii hii. Karatasini, kata imefikiwa. Redio haijui mpaka wa kata. Inachojua ni mlima, na mlima umekaa katikati.

Yule mama akasema, "Basi sisi tuko kivulini."

Ndilo neno lenyewe. Mafundi nasi tunaita hivyo hivyo, kivuli.

Jumatano, 15 Januari

Siku ya kutembea. Vitongoji vyote, mguu kwa mguu, na katibu wa vijana, kijana aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana na anayesubiri matokeo. Kila mita mia mbili tunasimama, naandika nguvu ya mawimbi. Karibu kurasa tatu za daftari zina neno moja: hakuna.

Kisha jiwe. Kila kijiji cha kivulini kina mahali pake, mbuyu, kichuguu, paa la msikiti. Hapa ni jabali lenye ukubwa wa nyumba, dakika ishirini za kupanda kutoka shuleni, lililo mkabala na pengo la milima. Ubavu wake umelainika kwa miguu ya watu. Ukisimama katikati yake unapata herufi E, alama ya intaneti ya polepole. Ukisogea hatua mbili kushoto unapiga simu bila kukatika. Ukikaa, unapotea. Niliwakuta watu saba: mama anayetuma pesa, vijana wawili wanaosubiri ukurasa wa maombi ya ajira ufunguke, mzee anayeulizia bei ya mbaazi Kondoa mjini, na mwalimu mkuu wa shule ya msingi mwenye kompyuta mpakato ndani ya mfuko wa sandarusi.

Mwalimu mkuu yuko pale kwa ajili ya NeST. Tangu ununuzi wa umma uhamie kwenye mfumo huo mwaka 2023, hata chaki na mbao za madawati zinaombwa mtandaoni. Ameacha darasa la wanafunzi saa tano asubuhi, amekaa juu ya jiwe, anasubiri. Akishindwa anapanda pikipiki kwenda mjini, na nauli anaitoa mfukoni mwake. Aliniambia hayo bila kulalamika, akiangalia skrini. Mimi ndiye niliyeumia.

Mchana nilimfuata shuleni akanionesha kabati. Ndani mlikuwa na kisanduku cheupe cha intaneti, taa zake zimezimika, na vishikwambi vitano ndani ya kasha. Mradi mmoja uliwaletea miaka kadhaa iliyopita, ukapiga picha, ukalipia kifurushi cha mwaka. Mwaka ulipokwisha hakuna aliyekuwa amepangiwa kulipa. Kifaa si kibovu. Nilikichomeka kwenye umeme, maana umeme wa REA, wakala wa nishati vijijini, ulishafika, kikawaka. Kilichokosekana ni mstari mmoja kwenye bajeti ya mtu fulani.

Zahanati nimeiacha ya mwisho. Muuguzi anayeisimamia alinihadithia usiku mmoja wa mwaka jana: mama mjamzito anavuja damu, usafiri wa dharura wa m-mama unaitwa kwa namba 115 na haugharimu kitu, lakini namba 115 inahitaji mtandao. Walimtuma mvulana wa jirani akimbie jiweni na simu ya zahanati mkononi, gizani, katika mvua. Alipiga. Gari lilikuja. Mama na mtoto wapo, nimeoneshwa nyumba yao. "Yule mvulana angeteleza," muuguzi alisema, akaishia hapo.

Alhamisi, 16 Januari

Mvua tangu alfajiri. Hakuna kupima.

Nimekaa jikoni kwa mwenyeji wangu, bibi mmoja aliyekuwa msichana wakati wa HADO, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza mwaka 1973. Udongo wa hapa ulikuwa unakwisha, na mwaka 1979 ikatolewa amri mifugo yote iondoke katika eneo lililoharibika. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda, wote. Anakumbuka vumbi la siku ile, na baba yake akitembea nyuma ya ng'ombe wake wa mwisho. Anakiri pia kwamba miti ilirudi, nyasi zikarudi, chemchemi zikarudi. "Lakini hatukuulizwa," alisema huku akikoleza moto. "Ndiyo maana mpaka leo tukiona gari la serikali tunauliza kwanza limekuja kuondoa nini."

Niliandika maneno yake nyuma ya ramani yangu ili niyaone kila nikiikunja.

Ijumaa, 17 Januari

Mvua imekatika. Kwenye ramani ya mwinuko nilikuwa nimeshachagua kilima: kirefu kuliko vyote, kipana juu, karibu na njia. Baada ya sala ya Ijumaa nilikitaja barazani mbele ya wazee. Wakanyamaza kidogo, kisha mmoja akaniambia kwa upole, "Mwanangu, pale hapachimbwi."

Ni kilima cha matambiko. Wazee wa zamani waliomba mvua pale, na wako ambao bado wanapanda. Kondoa ndivyo ilivyo. Michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, si makumbusho tu, maana watu bado wanaomba mvua kwenye vilima vyake. Ramani yangu ilikuwa na mwinuko, mteremko na aina ya udongo. Hili haikuwa nalo, na lisingeingia kamwe kama ningechagua nikiwa Dodoma. Wazee wenyewe wakanionesha kilima cha pili, kifupi kwa kama mita arobaini, ardhi ya kijiji juu ya shule ya sekondari. Tumekubaliana kukipima kesho.

Jumamosi, 18 Januari

Tulianza kupanda saa kumi na mbili na nusu asubuhi: mimi, katibu wa vijana, mjumbe mwenye kitenge cha njano na wanafunzi wawili wa sekondari. Tulipofika kileleni simu zote zikalia kwa pamoja, jumbe za siku tatu zikimiminika. 4G, nguvu yake nzuri. Kutoka pale unaona mnara wa upande wa pili kwa macho, mwekundu na mweupe, umesimama kama mwanasesere.

Wazo langu ni dogo, nami naliandika kwa urefu kwa kuwa kijiji kingine kinaweza kulitumia. Kijiji hakina uwezo wa kujenga mnara wa simu, wala hakiwezi kuanza kuuza intaneti bila leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Lakini kinaweza kuchota juu na kuteremsha chini kwa matumizi ya ofisi zake. Juu ya kilima unaweka ruta ya 4G yenye antena ya nje inayotazama mnara. Kando yake unaweka redio ndogo inayorusha mawimbi kuelekea shule, zahanati na ofisi ya kijiji. Kule chini kila jengo lina sahani ndogo ya kupokea. Mitambo ya juu hula kama wati 30 tu. Kwa saa 24 hizo ni wati-saa 720, ambazo paneli moja ya wati 300 na betri kubwa mbili zinazimudu hata siku ya mawingu.

Sharti ni kwamba redio zionane, na hapo ndipo kioo kinapofanya kazi. Mwalimu wa fizikia alikuwa chini kwenye uwanja wa shule ya msingi, kilomita 3 kwa GPS, na wanafunzi wake. Jua lilipopanda nilikishika kioo, nikatafuta pembe, nikausukuma ule mwanga polepole juu ya mashamba, juu ya mabati. Dakika ikapita. Kisha kutoka uwanjani ukarudi mmeto mmoja, mkali, kutoka kwenye kioo chao. Mara wa pili. Sauti za watoto zilitufikia baadaye kidogo, nyembamba, zikishangilia. Mjumbe wetu aliweka mkono kifuani. Nimewahi kupima kwa vifaa vya mamilioni ya shilingi na sijawahi kuona watu wakielewa mtandao ni nini upesi kama asubuhi ile: ni kuonana tu, bila kitu katikati.

Lakini kuonana kwa jicho hakutoshi. Mawimbi hayaendi kama uzi, yanavimba katikati. Kwa masafa ya gigahezi 5.8 na umbali wa kilomita 3, uvimbe huo ni karibu mita 6 kila upande wa mstari. Nikapima miti iliyo njiani, nikaongeza na ukuaji wake. Kwa shule, njia ni nyeupe.

Kwa zahanati, hapana. Tulijaribu mara nne. Mikaratusi iliyopandwa kuzuia mmomonyoko imesimama mbele yake kama ukuta, na hakuna atakayekata miti hii, wala nisingeshauri. Masafa ya juu hunyonywa na majani mabichi. Masafa ya chini, yale ya televisheni yaliyoachwa wazi baada ya nchi kuanza kuzima analojia tarehe 31 Desemba 2012, hupenya majani vizuri zaidi. Hapa hapa Kondoa mtandao wa intaneti unaoendeshwa na jamii yenyewe umeyajaribu kuunganisha shule. Ila vifaa vyake ni adimu. Suluhisho letu ni rahisi zaidi: shule ipokee, kisha nguzo ya mita 6 nyuma ya darasa la saba iirushie zahanati, ambayo inaonekana kutoka pale bila kizuizi.

Wakati wa kushuka, mmoja wa wanafunzi aliomba kile kioo. Nimempa.

Jumapili, 19 Januari

Mkutano mkuu wa kijiji. Tangazo lilibandikwa siku saba kabla, mbao za matangazo zote. Saa nane mchana watu walikuwa wamekaa chini ya mwembe mkubwa, waliotoka shambani wakiwa na majembe yao. Kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano huu, na hapo ndipo kijiji kinapokuwa na nguvu zake zote.

Nilipewa dakika ishirini. Nilieleza kivuli, kilima, kioo, betri. Nikasema pia yale ambayo wauzaji hawasemi: kwamba kifurushi kitalipiwa kila mwezi, kwamba betri itachoka baada ya miaka michache na mpya itatakiwa, kwamba radi itapiga na waya wa ardhini si mapambo.

Maswali yakaja, na sikuwa tayari kwa yote.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisimama. "Fundi, mimi sipingi. Lakini leo nimeamka saa tisa usiku kwenda kuchota maji. Mtoto wangu anakunywa intaneti?" Watu wakaguna, wengine wakapiga makofi. Sikuwa na jibu na sikujaribu kulitengeneza. Mwenyekiti akamwambia kisima hakitashuka kutoka nafasi ya kwanza, na kwamba fedha hizi hazitachukuliwa kwenye kisima. Akaketi, lakini uso wake ulibaki kama ulivyokuwa.

Ustadhi wa madrasa alitaka kujua nani atachunga wanachofungua watoto. Ni swali la haki. Tulikubaliana kwamba sehemu ya kwanza ni ofisi, walimu na zahanati, na wanafunzi watatumia wakiwa darasani na mwalimu, kwa saa zilizopangwa. Vijana wakanung'unika. Katibu wao akasimama akasema, kwa heshima, kwamba kijana anayetaka kuomba ajira si mtoto, naye apewe saa zake. Ikaandikwa: jioni, saa kumi hadi kumi na mbili, ofisi ya kijiji.

Kisha likaja la ardhi. Bwana mmoja mwenye shamba ubavuni mwa kilima alijitolea eneo lake kwa mnara mkubwa siku utakapokuja, "bure kabisa, kwa ajili ya kijiji". Nimeyaona haya mahali pengine. Anayetoa bure leo ndiye anayesaini mkataba wa pango kesho, na kodi ya miaka inaingia kwake peke yake huku kijiji kikibaki na kelele za jenereta. Sikusema. Haikuwa nafasi yangu, na bwana yule huenda alikuwa na nia safi. Mtendaji ndiye aliyefungua Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, akasoma kwa sauti kwamba halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Akauliza: mnaidhinisha kilima kilicho cha kijiji kitengwe kwa ajili ya mawasiliano, na kodi yoyote itakayopatikana iingie akaunti ya kijiji, isomwe kwenye mkutano kila miezi mitatu pamoja na mapato mengine?

Mikono ilinyooshwa. Ilihesabiwa kitongoji kwa kitongoji.

Hapo ndipo nilipoona thamani ya wiki nzima. Kampuni ya simu ikifika wilayani kuuliza wapi pajengwe, mara nyingi hucheleweshwa na ardhi: nani mwenyewe, nani atasaini, nani atalalamika baadaye. Kijiji kinachoingia na muhtasari wa mkutano mkuu, eneo lililopimwa, vipimo vya mawimbi na njia ya kupitisha nguzo za umeme hakiombi kama mnyonge. Kinaleta nusu ya kazi ikiwa imefanyika. Naamini UCSAF na halmashauri wangeyapokea maombi ya namna hii kwa mikono miwili, na naamini kila kijiji cha kivulini kingeweza kuyaandaa kwa wiki moja kikipata fundi mmoja mwenye kioo.

Vipaumbele vikapangwa. Kisima, cha kwanza. Kivuko cha korongo, cha pili. Mawasiliano ya intaneti, cha tatu. Nilitamani kiwe cha pili. Nilipomkumbuka muuguzi nilitaka kunyoosha mkono niseme tena. Lakini mimi si mkazi, na gari la m-mama nalo linapita kwenye korongo lile lile.

Kifurushi cha mwezi kitagawanywa: shule mbili, zahanati, na ofisi ya kijiji kutoka ushuru wa mnada. Kamati ya watu watano imeundwa, wanawake watatu. Funguo za sanduku la betri atashika mjumbe mwenye kitenge cha njano. Jina la mstari kwenye mpango tuliandika hivi, baada ya kubishana maneno kwa nusu saa: "Kuondoa kivuli cha mawasiliano."

Jumatatu, 20 Januari

Nimeshuka na mtendaji hadi Kondoa mjini. Muhtasari una mhuri, saini, orodha ya mahudhurio kurasa tisa. Umeingia kwenye bahasha ya kata, nakala moja ofisi ya mipango wilayani. Aliyeipokea alisoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama, kisha akavuta kiti.

Coaster ya saa nane. Nimelala njia nzima.

Alhamisi, 23 Januari

Niko nyumbani Dodoma. Baraza la Mitihani limetangaza leo matokeo ya kidato cha nne.

Saa kumi na moja jioni simu ililia. Ni mwenyekiti, na nyuma yake mvua. Wako jiweni, yeye na watoto, ukurasa wa matokeo umegoma kufunguka tangu mchana. Akaniomba nisome huku nyumbani. Nikachukua daftari la safari, nikafungua kompyuta. Alianza na namba ya katibu wa vijana. Daraja la pili. Nilisikia kelele, kisha ukimya wa mtu aliyepewa simu na hawezi kusema.

Tukaendelea. Anataja namba, narudia, nasoma masomo moja moja, anawatangazia. Wengine walipata, wengine hawakupata, na kwa hao sauti yake ilishuka akawaambia waje kwake kesho asubuhi. Kwenye namba ya tisa laini ikakatika.

Nilipiga mara sita. Haipatikani. Nikaacha ukurasa wazi, daftari likiwa mapajani.

Saa mbili kasoro usiku ikalia tena. "Binti yangu, mvua imepungua," alisema akihema. "Wa tisa yuko hapa juu. Nisomee."